Toleo la Ushirombo

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, nayo ndiyo iliyomtoa Parvin dukani kwake Shinyanga, ikampandisha gari na miguu yake iliyovimba, ikamfikisha Ushirombo kwenye harusi ya watu asiowajua. Mjukuu wake Nisha ndiye aliyemsomea kutoka kwenye simu, katika rasimu ya kitabu cha jarida moja la Ulaya iliyowekwa mtandaoni, akiifasiri huku anakwenda: "Toleo la Kiswahili, lililoitwa Jirani, lilitafsiriwa na ofisi ya Dar es Salaam. Halikupata wasomaji wengi, na halikuacha alama yoyote."

Parvin alikuwa anachambua dengu. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Soma tena."

Nisha alisoma tena, na sentensi ikawa ileile.

"Ofisi ya Dar es Salaam," Parvin alisema, kwa ile sauti ambayo wateja wake wanaifahamu na kuikwepa. "Ofisi ile ilikuwa na feni mbovu na bwana mmoja wa kusinzia. Mwambie huyo mhariri wa kitabu: Jirani lilitafsiriwa hapohapo ulipokaa."

Nisha akatazama benchi alilokalia. Lilikuwa benchi la kawaida la mninga, limeng'aa kwa kukaliwa na vizazi vya wateja.

Hapa inabidi nieleze, maana siku hizi ukitaja jarida mtu anakutazama kama umetaja taa ya chemli. Jarida hilo lilikuwa la kaskazini mwa Ulaya, katika nchi moja ya theluji, na jina lake la kwao lina herufi ambazo taipureta ya Shinyanga haikuwa nazo. Lilikuwa na kila kitu: afya, safari, wanyama, vichekesho, hadithi ya kusisimua inayokatwa mahali pabaya ili ununue toleo lijalo, na ukurasa wa mapishi. Wenyewe walilipenda mno hata wakaona dunia inadhulumiwa kwa kulikosa, wakaanza kulitoa kwa lugha za wengine. Zamu ya Kiswahili ilifika mwishoni mwa miaka ya sitini. Ofisi ikafunguliwa Dar es Salaam, akawekwa bwana mmoja humo ndani, na kwa kuwa Kiswahili cha bwana huyo kilitosha kuagizia chai tu, akaanza kutafuta mtu wa kumfanyia kazi.

Mtu aliyepatikana ni Jafferali, mume wa Parvin, mwenye duka la vitabu na daftari hapo mjini. Alipatikana kwa sababu ya sambusa. Mhandisi mmoja wa nchi ile ya theluji alikuwa akifanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, na kila Jumamosi alikuja mjini kula sambusa za Parvin. Akawa anamwona Jafferali kwenye baraza ya duka, gazeti la Kiingereza mkononi, akiwasimulia wakulima wa pamba yaliyomo kwa Kiswahili, na wakulima wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mhandisi hakuelewa neno, lakini kicheko alikielewa. Akaiandikia ofisi ya Dar es Salaam, na tangu hapo kila mwezi treni ilishusha Shinyanga bahasha ya kurasa zilizokwisha kugeuzwa Kiingereza na kuondoka na bahasha ya kurasa za Kiswahili.

Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, toleo lifanane na mama yake wa Ulaya neno kwa neno. Pili, jina la mfasiri lisitajwe popote. La pili Jafferali alilitii. La kwanza alilitii kwa namna yake.

Namna yake ilikuwa hivi. Jioni, akishatafsiri ukurasa, aliusoma kwa sauti kwa yeyote aliyekuwa kwenye benchi: mkulima, muuza dagaa, mwalimu anayesubiri chaki. Kichekesho kisipochekesha, alikifuta akakiandika upya. Mtu akiinuka kwenda zake katikati ya hadithi, Jafferali hakumlaumu mtu. Alikata maelezo ya milima na kumleta jambazi mapema. Penseli ilikaa sikioni, miwani kwenye ncha ya pua, na alipopata neno zuri aliingia jikoni kumwambia Parvin, na akiwa huko alidokoa. Alikuwa mwanamume wa kudokoa. Kidole kilikuwa bakulini kabla salamu haijaisha, na ukimkamata ana jibu lilelile la miaka yote: "Naonja chumvi tu." Hata kama ni halua.

Ukurasa wa mapishi ndio uliomshinda. Ulikuwa wa bibi mmoja wa Ulaya mwenye jina gumu, na bibi huyo alitaka tufaha, alitaka lozi, alitaka krimu ya ng'ombe asiyejulikana Usukuma. Jafferali akaupeleka jikoni.

"Tufaha hapa zinatoka wapi?" Parvin aliuliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Andika michembe."

Akaandika michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ambavyo kila nyumba ya Msukuma inavyo. Lozi zikawa karanga. Tanuri likawa sufuria yenye mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko. Parvin alipika kila kitu kwanza, na kisichopikika hakikuchapwa. Mwishowe hata yule bibi wa Ulaya akaondoshwa, mahali pake akakaa Mama Altaf, maana kifungua mimba wao Altaf alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Na ili ukurasa usiwe mkavu, Jafferali akamtia na Baba Altaf, mwanamume mwenye tumbo, penseli sikioni na miwani puani, asiye na haya, ambaye akikamatwa husema anaonja chumvi tu. "Koroga taratibu," ukurasa ulisema. "Baba Altaf akipita, funika." Kwenye Kiingereza hakuna kitu kama hicho, lakini wenye jarida hawakujua, kwa kuwa kwao hakuna aliyesoma Kiswahili.

Mara moja tu walikaribia kugombana kwa ajili ya ukurasa huo. Ilikuwa keki ya sikukuu, na Kiingereza kilisema unga ukishakandwa uwekwe nje ya dirisha upigwe na baridi.

"Futa hiyo," Parvin alisema. "Baridi gani ya Shinyanga? Utachacha."

Lakini mwezi huo bwana wa Dar es Salaam alikuwa amelalamika kwamba Jirani linakwenda mbali mno na mama yake, na Jafferali akaona afadhali mstari mmoja ubaki ulivyo. Akauacha: unga ukae nje, chini ya mbingu. Kisha roho ikamsuta, akaona mbuzi wa watu watafaidi, akaongeza wa kwake: "Awepo mlinzi, mama mwenye mwiko, maana Baba Altaf hayuko mbali." Likachapwa hivyo, likapakiwa kwenye malori ya pamba, likaenda Kahama, Ushirombo na Geita.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini karatasi ziliadimika, ofisi ya Dar es Salaam ikafungwa, na Jirani likaisha hadithi ikiwa katikati. Nakala zilizobaki dukani zilifungiwa karanga. Parvin alifungia mwenyewe, kwa mikono yake, wala hakuona ubaya, kwa kuwa mwenye kuziandika alikuwa palepale anadokoa karanga hizohizo. Zilizowekwa stoo zililiwa na mchwa. Jafferali naye aliishi akazeeka, akapata kisukari, na madaktari wa hospitali ya Kolandoto wakamwambia Parvin amnyime utamu. Alimnyima. Makopo aliyafungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni. Idd ya mwisho mzee wa watu alikuja jikoni na fimbo yake, akasimama mlangoni kwa adabu, akaomba kijiko kimoja tu cha unga wa keki, kibichi. Parvin akamwambia, "Weka chini hicho kijiko." Akakiweka. Hakufika Idd iliyofuata, na tangu siku hiyo Parvin hajapika keki.

Sasa unaelewa kwa nini sentensi ile ilimchoma. Mtu alikuwa amelala makaburini Shinyanga, na watu wa theluji wanaandika kitabu cha miaka mia ya jarida lao na kusema hakuacha alama.

Nisha alimwandikia mhariri, akaeleza yote. Jibu lilikuja la heshima kabisa. Mhariri alishukuru, akasema angefurahi kusahihisha, lakini kitabu hakiwezi kutaja jina kwa maneno ya familia peke yake. Je, kuna chochote, hata kurasa chache, kuonyesha kwamba kazi ilifanyika mkoani na kwamba kulikuwa na wasomaji? Kitabu kinakwenda mtamboni mwisho wa mwezi.

"Sina hata ukurasa," Parvin alisema. "Niliuzia karanga."

Nisha anafanya kazi Geita, kwenye maabara inayopima mawe ya dhahabu, ambako wachimbaji huleta mawe yao kwenye viroba na kusubiri majibu kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Siku moja alikuwa akilalamika juu ya jambo hili ndani ya gari, na dereva wao, kijana aitwaye Eliya, akageuza kichwa.

"Jirani? Madamu, nyumba ya bibi yake Salvina wangu, kule Ushirombo, imebandikwa Jirani kuta zote. Nilipopeleka posa wazee walinichelewesha, nikasoma ukuta mzima. Kuna ndovu, kuna dawa ya kifaduro, kuna jambazi ametoroka. Harusi yetu ni Jumamosi hii. Mlete bibi asome."

Basi Parvin akavaa shalwari yake ya zambarau, akachukua vitenge vya zawadi, akapiga moyo konde. Nisha alimfuata Shinyanga, wakapita Kahama, na njia nzima bibi mtu alikuwa akipanga. Ukuta utapigwa picha. Watatafuta ukurasa wa mapishi. Kwenye ukurasa wa mapishi kuna michembe, na mtu wa Dar es Salaam hawezi kujua michembe. "Huo ndio ushahidi," alisema. "Wacha wabishe."

Walifika Ijumaa alasiri. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, pembezoni mwa mji, imezungukwa na mihogo, na uani wanawake wamejaa. Aliyewapokea ni Otmar, mjomba wa bibi harusi, katekista mnene mwenye sauti ya kuongoza nyimbo.

"Shikamoo mama. Karibuni sana. Eliya alituambia bosi wake anakuja na bibi yake."

"Marahaba, baba. Wabeja, asanteni. Tunaomba kuona kuta zenu."

Otmar akafurahi kupita kiasi. Akawaingiza sebuleni, akapanua mikono. Kuta zilikuwa zimepigwa lipu, na juu ya lipu rangi ya krimu, mbichi bado, inanuka.

"Si zimependeza? Tulikuwa na makaratasi ya zamani humu tangu enzi za marehemu baba, yamejaa moshi na mende. Wiki iliyopita tumebandua yote tukayachoma. Wageni wa Geita wasije wakatucheka."

Nisha alimtazama bibi yake kwa hofu. Parvin aliugusa ukuta, rangi ikamshika kidoleni, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Angeweza kumtukana Otmar, lakini atamtukana vipi aliyechoma, yeye aliyefungia karanga?

"Zimependeza," alisema mwishowe. "Mungu aijalie nyumba."

Alitaka kuondoka. Alisema hivyo waziwazi, kwa Kigujarati, ili wenyeji wasisikie unyonge: kwamba amechoka, kwamba Jafferali amekwisha kufutwa mara mbili, kitabuni na ukutani, na kwamba anataka kulala kitandani kwake. Nisha akaenda kuaga kwa mwenye nyumba, Bibi Monika, mama yake Otmar, mwanamke mkavu mwenye macho makali na rozari shingoni. Bibi Monika akakataa katakata.

"Hamwondoki. Unga haujatoka nje."

"Unga gani, bibi?"

"Wa keki ya Mama Altaf. Harusi gani unakwenda usiuone unga?"

Nisha akarudi sebuleni mbio. "Dadima," alisema, maana ndivyo alivyomwita bibi yake tangu utotoni, "njoo uani. Njoo tu, usiniulize."

Uani wanawake walikuwa wamefungua njia. Wawili walitoka jikoni na sinia kubwa, juu yake donge la unga limefunikwa kitenge kipya, wakalizungusha ua mzima kwa wimbo wa Kisumbwa, kisha wakaliweka juu ya kigoda katikati, chini ya mbingu tupu, jua likiwaka. Parvin akanusa. Michembe. Iliki. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa.

"Mnaweka nje kwa nini?" alimwuliza Bibi Monika.

"Mila," Bibi Monika alimjibu, kwa uvumilivu wa mtu anayemweleza mgeni. "Unga wa harusi lazima ukae nje kwanza. Usipokaa nje hauna baraka. Mama yake aliwekewa, Salvina naye leo anawekewa."

"Na huyo Mama Altaf ni nani?"

Hapo majibu yakawa mengi. Mmoja alisema ni bibi wa zamani sana wa upande wa Kahama. Mwingine alisema ni mtawa aliyekuja na mapadre wa kwanza. Mtawa alimpataje Altaf? Mambo ya zamani hayo, usiyachimbe. Bibi Monika akawanyamazisha wote. "Alikuwa mama mmoja mwenye akili, mchoyo kidogo, ana mume mdokozi. Mume mwenyewe huyo anakuja."

Parvin akageuka.

Kutoka nyuma ya mihogo alikuwa anakuja mwanamume kwa kunyata. Tumbo alikuwa nalo tayari. Penseli ilikuwa sikioni. Kwenye ncha ya pua alivaa miwani ya waya isiyo na vioo, na alitembea kwa kujitia hamnazo, anatazama mawingu, anapiga mluzi, anasogea. Alikuwa Otmar, katekista mzima. Watoto walianza kupiga kelele, wanawake wakafunika midomo. Alipolifikia sinia alijifanya anafunga kamba ya kiatu, na mkono mmoja ukapanda peke yake chini ya kitenge. Mama aliyekaa na mwiko akaruka.

"Baba Altaf! Unafanya nini?"

"Naonja chumvi tu," alisema Otmar.

Ua mzima ukaitikia kwa kicheko, na Parvin akajifunika uso kwa mtandio wake. Nisha alikuwa ameinua simu anapiga picha za video, naye machozi yanamtoka. Kwa miaka arobaini watu hawa, ambao Jafferali hakuwajua wala hawakumjua, walikuwa wakimcheza kwenye harusi zao. Penseli ile walikuwa nayo. Neno lile walikuwa nalo. Aliyekufa Shinyanga alikuwa anatembea Ushirombo akiwa mnene na mwenye afya, ana mkono kwenye unga wa watu.

"Mama, vipi?" Bibi Monika aliuliza. "Jua limekuchoma?"

Nisha ndiye aliyejibu. "Bibi, huyu ndiye Mama Altaf."

Kicheko kikakatika. Bibi Monika alimpima Parvin kuanzia shalwari hadi mvi.

"Mama Altaf alikufa zamani," alisema.

"Sijafa," alisema Parvin.

"Basi tuambie. Michembe unachemsha na nini?"

"Na ganda la chungwa. Mkisahau kulitoa kabla ya kuponda, keki inakuwa chungu. Na ninyi leo mmesahau kulitoa, nalisikia harufu."

Msichana mmoja akafunua kitenge, akachokonoa donge, akatoa kipande cha ganda. Bibi Monika alifanya ishara ya msalaba, kisha akapiga kigelegele kikali kilichowatoa wapita njia barabarani, na wengine wote wakadakia. Parvin akakumbatiwa na watu ambao dakika chache nyuma walimdhani mgeni wa Eliya. Akaelezwa mengi na wote kwa pamoja: jinsi baba yake Otmar alivyokuwa akilisoma Jirani kwa Kiswahili baada ya misa, na Monika, akiwa mke mchanga, akiligeuza kwa Kisumbwa kwa ajili ya wakwe zake, na jinsi wakwe walivyomdai Baba Altaf hata kwenye makala za kifaduro.

"Jina lake lilikuwa nani, huyo bwana?" Otmar aliuliza. Alikuwa amevua miwani yake ya waya kwa heshima, na kwa mara ya kwanza alionekana kuona haya.

"Jafferali."

Otmar alilirudia jina taratibu. Parvin akamwambia avae miwani, kazi haijaisha.

Maana Baba Altaf huja tena, na mara ya mwisho hufukuzwa kwa mwiko mpaka nje ya ua, ndipo unga unarudishwa jikoni kupikwa. Ndivyo mila inavyotaka. Na sasa hapakuwa na ubishi nani akae kwenye ulinzi. Wakamkalisha Parvin kando ya kigoda, wakampa mwiko. Aliushika. Ulikuwa mzito, wa mbao ngumu, umetumika.

Otmar alitokea tena kwenye mihogo, safari hii anajikongoja na fimbo, maana Baba Altaf wa mara ya mwisho huja amejigeuza mzee ili ahurumiwe. Hakuna aliyemfundisha kumfanyia hivyo Parvin. Ndivyo walivyozoea kucheza. Akafika, akasimama kwa adabu, fimbo mkono mmoja, akanyoosha kidole kwenye sinia.

"Naonja chumvi tu, Mama Altaf."

Wanawake wakangoja. Wengine walishaanza kukimbia kidogokidogo mahali walipo, tayari kumfukuza. Parvin alimtazama yule mzee wa uongo, na moyo wake ukamuuma kwa ajili ya yule wa kweli, aliyekiweka chini kijiko alipoambiwa. Akafunua kitenge. Akachota unga kwa ncha ya mwiko, si kidogo, akampa.

"Kula," alisema. "Kula, baba."

"Hapana," Bibi Monika alisema kwa mshtuko. "Anafukuzwa hapo. Haruhusiwi kula."

"Leo mwacheni ale."

Otmar aliwatazama wanawake, akamtazama Parvin, akala. Alikula taratibu, akafumba macho, na hakucheza tena, alikula kama mtu aliyepewa kitu. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kwa nini Baba Altaf hafukuzwi, akaambiwa anyamaze. Parvin akalifunika donge, akafuta macho kwa ncha ya mtandio wake, akasema sasa wapeleke unga jikoni kabla haujachacha, wamemsumbua na jua lao hili.

Video ilikwenda kwa mhariri Jumatatu, pamoja na maelezo ya Nisha. Jibu lilichelewa, kumbe mhariri alikuwa amewaita wenzake wote waitazame. Sentensi ya zamani ilifutwa. Mpya inasema hivi: "Toleo la Kiswahili, Jirani, lilitafsiriwa Shinyanga na Jafferali na mkewe Parvin. Lilikoma kuchapwa miaka ya themanini. Halijakoma Ushirombo." Parvin alinung'unika kwamba yeye aliomba jina la mumewe tu, lake wamelitia la nini. Lakini ukurasa huo ameuwekea fremu, uko ukutani juu ya benchi, na anayekuja kununua daftari hatoki bila kuusoma.

Juzi Nisha alipita tena Ushirombo, kwenye harusi ya binamu wa Salvina. Unga ulitolewa nje. Baba Altaf alikuja na penseli yake, akafukuzwa. Akaja tena, akafukuzwa. Mara ya mwisho alikuja na fimbo, na mama mwenye mwiko akafunua kitenge, akamchotea, akamwambia, "Kula, baba," na ua wote ukawa kimya mpaka alipomeza.

Mgeni mmoja kutoka Mwanza alimwinamia Bibi Monika kuuliza mbona huyu mdokozi anapewa.

"Mila," Bibi Monika alimjibu. "Tangu zamani ni hivyo. Mwishoni Mama Altaf anamwacha ale."